Nyumba niliyomwambia mgombea tuipite

Leo nimeaibika mtaani kwetu Kirumba, na nimestahili.

Nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba na rafiki yangu anayegombea uenyekiti wa mtaa. Tulipofika kwa Mama Speransia, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, nikamwambia, "Hapa tupite tu. Hawa ni Warundi, hawapigi kura."

Kumbe mama yuko nyuma ya mlango!

Akatoka anafuta mikono kwenye kitenge. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo. Akaitikia, akaingia ndani, akarudi na cheti chake cha uraia.

"Mwaka wa ishirini na mbili huu niko hapa, mwanangu. Uraia ninao, na jina nimeshaandikisha. Mimi na wanangu wanne."

Jamani, ningejificha wapi?

Wala hakunigombeza. Alimgeukia mgombea: "Njoo uone kitu."

Akampeleka nyuma, kwenye mtaro uliojaa taka, ule ambao mvua ikinyesha unamwaga maji machafu hadi vyumbani mwa watu. Mgombea akatumbukia mguu mzima.

Kwenye mkutano wa kampeni jioni, ameanza na mtaro ule kabla ya jambo lolote. Na mimi mzaliwa wa hapa sijawahi kumuuliza kiongozi yeyote habari za mtaro huo!

Baada ya mkutano nikamfuata mama, nikamwomba radhi. Akanisamehe. Nikajikaza nikauliza, "Kwa hiyo kura yako tunayo?"

Akacheka sana.

"Kura ni siri, mwanangu. Wewe njoo Jumamosi na koleo, tuzibue mtaro."

Nitaenda. Nani ana koleo aniazime?