Mvua Niliyoisikia kwenye Kaseti

Niliwaapia wenzangu wa chama cha vitabu, hapa Lushoto, kwamba muziki wa jukwaani hunoga kwenye kaseti, simu huukausha, na masikio yangu hayadanganyiki. Wakanipeleka kwa Mzee Shemboza, fundi redio, nijaribiwe. Tukavua viatu mlangoni.

Alitupigia onyesho la bendi yake ya ujanani kwenye simu, kisha akachukua kaseti yake, akainama nyuma ya meza. Muziki ukaendelea. Nikafumba macho.

"Kaseti hiyo! Sikieni, hata mvua ya siku ile imo, inacheza juu ya bati!"

Mzee akainuka, kaseti mkononi, kalamu ingali kwenye tundu lake.

"Mjukuu wangu, hii bado naiviringisha utepe. Inayoimba ni simu. Na mvua yako inalowesha viatu vyako mlangoni."