Nyangau wa Barua na Stempu ya Herme

Manasseh Nyangau, shemeji yangu, alizikwa mwaka wa 1979, na pale kaburini kila aliyesimama alisifu miguu yake. Walisema ilikuwa ya chuma. Ni kweli, lakini hayo ndiyo yaliyokuwa rahisi kusema. Mimi niliolewa katika boma lao nikiwa msichana, na hadi leo sijasahau hata rangi za ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu. Basi nitaandika yale mengine, kabla hawajaanza kuyasimulia watu ambao hawakuwepo.

Siku hizo upande wetu wa Birongo haukuwa na posta. Kanisa letu la Sabato lilikuwa na sanduku moja mjini Kisii, na barua za nyumba zote zilikuja humo, hata za Wakatoliki. Ufunguo alikaa nao Nyangau. Kila Jumanne na kila Ijumaa alitoka umande haujakauka, akashuka kwa miguu hadi mjini, na alasiri tukamwona akipanda kilima na mfuko wa turubai mgongoni. Hakulipwa. Tulimpa ndizi na maziwa ya mgando, akashukuru kama amepewa fahali. Barua yako hakumpa mtoto wala jirani. Alikutafuta wewe mwenyewe, hata kama uko shambani unachuma pareto, akaiweka mkononi mwako kwa mikono miwili.

Ijumaa alikuwa na haraka. Jua likishazama Sabato imeingia, na mshika Sabato habebi mzigo wala hafungui barua hadi Jumamosi jua lizame tena. Kwa hiyo siku hiyo alikimbia.

Kulikuwa na mjane mmoja, Bathsheba Kemuma, jirani yetu ng'ambo ya kijito. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Joash. Kijana huyo alikwenda Mombasa mwaka wa 1965, akapata kazi ya jikoni katika meli ya Wagiriki. Barua yake ya kwanza kutoka ng'ambo ilifika mwaka wa 1967. Sisi tulizoea stempu yenye kichwa cha mtawala. Hii ilikuwa na kijana wa kizungu, kifua wazi, anakimbia, ana mabawa kwenye kofia na mabawa kwenye visigino.

Wanawake tuliizunguka bahasha pale kisimani.

"Nyangau, huyu ni ndugu yako?" Kemuma akamtania. "Mbona yeye ana mabawa miguuni na wewe una funza?"

"Huyo hajapanda kilima cha Birongo na mfuko mgongoni," Nyangau akajibu. "Angeyakata mwenyewe hayo mabawa akayala."

Tulicheka hadi mitungi ikamwagika. Lakini niliona jinsi alivyoitazama ile picha. Alikuwa mtu wa miaka arobaini ambaye hakuna aliyewahi kumchora, na sasa kazi yake imechorwa.

Mwalimu Ishmael wa shule yetu ndiye aliyetuambia. Alisema huyo ni mungu wa Wagiriki wa kale, mjumbe wa miungu wenzake, jina lake Herme, na Warumi walimwita Merkuri. Alitaka kutuelimisha tu. Habari ikafika kwa Mzee Onsongo, mkuu wa wazee wa kanisa, naye akakumbuka mara moja somo la Shule ya Sabato: watu wa Listra walitaka kumchinjia mtume ng'ombe wakidhani ndiye Herme, na mtume akararua nguo zake kwa uchungu. Onsongo alimwita Nyangau mbele yetu baada ya ibada.

"Mtume alirarua nguo. Wewe unabeba sanamu ya huyo mungu hadi mlangoni mwa mjane?"

"Omogaka, mzee wangu, ni stempu tu."

"Hata ndama wa dhahabu alikuwa dhahabu tu. Ukiona huyo, kata, choma, ndipo upeleke barua. Ama lete ufunguo."

Nyangau akaugusa ufunguo mfukoni. Ufunguo ule ndio uliomfanya awe mtu miongoni mwa watu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, na nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, nikishika namba ya kwanza. Nilijua kwamba stempu hupigwa mhuri, na mhuri una jina la mji. Sikusema kitu. Mwanamke hakumjibu Onsongo.

Basi kila barua ya Joash ilipokuja, Nyangau alichukua wembe akakata kona yote yenye stempu, akaichoma jikoni kwake. Haikuleta shida, kwa sababu Joash hakuwa na anwani, meli haikai mahali pamoja. Kemuma alileta barua kwangu nimsomee. Aliishika ile bahasha yenye pengo, akasema, "Imeumwa na panya wa Onsongo," tukacheka tena. Kukata kukawa mazoea ya mkono.

Ijumaa tarehe kumi na nne Novemba mwaka wa 1969 mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Nyangau alichelewa mtoni, maji yalikuwa yamejaa. Alipofika kwake jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya kilima. Akamwona Herme kwenye bahasha, akakata, akatupa motoni, akavuka kijito mbio, akamkabidhi Kemuma barua mkononi kabla Sabato haijaingia. Aliridhika sana. Mimi nilimwona akirudi, anapiga mluzi.

Kemuma alilala na barua hiyo bila kuifungua, akaenda nayo kanisani kifuani, na Jumamosi jua lilipozama akaja kwangu. Nilisoma hivi:

"Mama, meli imeniacha hospitalini. Ni kifua. Karatasi zangu zilikwenda na meli. Kuna padri hapa anasaidia mabaharia. Atanitafutia nafasi katika meli ya Mombasa, lakini anataka barua kutoka nyumbani yenye sahihi ya chifu, kuonyesha mimi ni wa nani na kwamba nitapokelewa. Fanyeni upesi. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha, kwenye kona."

Niligeuza bahasha. Kona ile ya nyuma ndiyo hiyo hiyo ya stempu mbele. Zilibaki herufi tatu tu ukingoni, nazo zimekatwa nusu.

"Soma hapo nyuma," Kemuma akasema.

"Hapasomeki, mama."

"Soma, mwanangu, wewe umesoma."

Tulikwenda kwa Nyangau. Alielewa mara moja. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akatia mikono yote miwili katika jivu, ambalo bado lilikuwa na makaa, akawa analichekecha kwa vidole. Mke wake alilia, akamvuta shati. Kemuma alisimama tu mlangoni akitazama mikono ile.

Jumatatu Nyangau alikuwa wa kwanza kwa chifu. Chifu aliandika barua nzuri, akatia sahihi, akapiga mhuri. Barua tulikuwa nayo. Mahali pa kuipeleka ndipo hatukuwa napo. Nyangau alimuuliza karani wa posta, akajibiwa kwamba barua ya kawaida haiandikwi katika daftari lolote, inapita tu. Akauza ndama, akaenda Mombasa na ile bahasha yenye pengo. Alirudi baada ya majuma matatu, amekonda, akatuambia kwamba meli imeuzwa, na wakala wa meli hiyo alimwonyesha ramani ya Ugiriki, akampigia hesabu ya bandari kwa vidole hadi vidole vikaisha. Mwishowe mimi niliandika juu ya bahasha ya barua ya chifu "Hospitali ya Mabaharia, Ugiriki," tukaituma. Ilirudi baada ya miezi minane, imepigwa mihuri mbele na nyuma.

Nyangau alikwenda kwa Mzee Onsongo, naye akamwambia, "Mungu anajua kijana alipo."

"Mungu hakuhitaji anwani, omogaka. Tulioihitaji ni sisi."

Aliweka ufunguo mezani, akatoka. Kanisani hakurudi. Aliacha pia kuongea na watu njiani, yeye aliyejua habari za kila nyumba. Mwalimu Ishmael naye alikuwa na uchungu wake, akaandika kwa serikali kuuliza habari za Joash, akaandika tena, na tena.

Jibu lilikuja mwaka wa 1972, kwa chifu. Chifu hakutaka kulipeleka. Nyangau alisikia, akamwambia, "Nipe. Ni kazi yangu." Alikuja kwanza kwangu nimsomee, maana jibu lilikuwa la Kiingereza, nami nilikielewa kidogo. Joash alikufa tarehe mbili Februari mwaka wa 1970, katika mji unaoitwa Patra, akazikwa huko na kanisa. Tukaenda wote wawili.

Kemuma alikuwa uani anaanika wimbi juu ya ngozi. Alimwona Nyangau ameshika karatasi kwa mikono miwili, akaacha kusambaza.

"Lini?" akauliza.

Nyangau akamwambia.

"Barua yangu uliileta Novemba. Hesabu siku."

Nyangau alihesabu, midomo yake ikicheza. "Themanini."

"Na barua kutoka kwetu kwenda huko huchukua siku ngapi?"

Angeweza kudanganya. Hakuna mtu pale ambaye angejua. Mimi nilimkazia macho ili adanganye.

"Kumi na mbili, mama. Mvua ikizidi, kumi na tano."

Kemuma aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa nguo ikamtosha. Akachukua karatasi, akaikunja, akaiweka kifuani bila kuitazama. Nyangau alibaki amesimama, mikono imenyooshwa mbele, haina kitu.

"Sogea," Kemuma akamwambia. "Unakanyaga wimbi."