Mti Mchungu wa Mpakani

Niliishia darasa la tatu. Cheti sina hata kimoja, lakini shamba langu la Lufingo nililinunua kwa mikono hii, baada ya miaka mingi ya kuchuma chai ya watu. Siku ya kukabidhiwa, aliyeniuzia alikata matawi ya mti mchungu, tukayachomeka kwenye mstari, mashahidi wakiangalia. Hapo mpaka ukawa mpaka. Ni mti mfupi tu, kijani mwaka mzima hata baridi ikibana, na ukichanua yale maua meupe, nyuki hawakupi njia. Majani yake marehemu mke wangu alitunywesha tumbo likisokota. Wasomi wana jina lao. Mimi najua kazi yake.

Mwaka juzi mwanangu alirudi kutoka Mbeya na habari za parachichi. Mimi nikalazwa hospitali Makandana siku nne kwa ajili ya jicho. Narudi, mstari wote uko chini, visiki vimechomwa moto na kufukiwa.

"Tata, ile miti ilikuwa inatia kivuli tu. Parachichi linataka jua."

"Na mpaka?"

"Mpaka si tunaujua?"

"Wewe na nani?"

Akacheka! Nyumbani kwangu, akanichekea.

Kumbe matawi ya miti aliyoikata alikuwa ameyachonga vigingi, akachomeka kimoja kando ya kila mche wa parachichi ili upepo usiuvunje. Na mstari wake wa kwanza ulikuwa hatua tatu ndani ya shamba. Mtu aliyezaliwa huku! Mti huo ukiuchomeka wakati wa mvua unaota, hata anayenyonya anajua. Masika ikaja, vigingi vikatoa majani. Vya katikati akaving'oa. Vya mstari wa kwanza akaviacha, eti vitakinga upepo.

Msimu uliofuata jirani yangu akalima maharage hadi kwenye vigingi vile. Nikamkuta ameegemea jembe.

"Jirani, umepotea?"

"Sijapotea, mzee mwenzangu. Mpaka wako huo hapo, unachanua. Au siku hizi mti mchungu unapandwa kwa urembo?"

"Kaupanda mjinga wangu."

"Basi mwambie ndaga. Kanipa shamba, lazima nimshukuru."

Mashahidi wangu wote walishakufa. Nikaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili, nikamkabidhi mwanangu jembe mbele yao.

"Chimba ulipofukia."

Alichimba kuanzia asubuhi, jasho likimtoka, katikati ya maharage ya watu. Jirani akawa anapiga mluzi. Mchana jembe likagonga kisiki cheusi, kisha cha pili, kisha cha tatu, vimenyooka. Jirani akasema hivyo ni visiki vya mparachichi wa zamani. Mzee mmoja alikata kipande cha mzizi, akatafuna, akakunja uso, akatema.

"Ni wenyewe."

Mluzi ukakoma. Maharage nilimwachia avune, kisha atoke. Salamu yake siitikii hadi leo.

Nikakata kipande kingine, nikampa mwanangu.

"Tafuna."

"Tata, mbele za watu?"

"Tafuna!"

Akatafuna, machozi yakamlengalenga.

"Haya, sasa unaujua. Kang'oe vile vigingi, uje uvichomeke hapa."