Ng'ombe Ambao Hawakuja

Tangu Limi aombe kitambulisho cha taifa, mwalo wa wavuvi wa Nkome ulimwotea miiba. Akifika kuanika dagaa, vicheko vya wanawake vilikatika. Kuna mtu alikuwa amesema kwamba yeye si raia. Limi alimshuku kila mwenye mdomo, zaidi Mama Generosa wa chanja la jirani, ambaye Limi aliacha hata kumwamkia.

Limi alikuwa amewaambia maofisa wa uhamiaji kwamba baba yake ni mzee Bujiku. Siku ya mahojiano, ofisa Kalisti alimwita mzee kwanza. Limi alibaki kwenye benchi mlangoni, masikio wazi.

"Shikamoo, mzee. Limi ni nani wako?"

"Marahaba. Mwanangu."

"Na mama yake?"

"Dada yangu, marehemu."

Kalamu ilisimama. "Mzee! Umezaa na dada yako?"

"Una adabu wewe?" Fimbo iligonga sakafu. "Aliyempa mimba hakuleta ng'ombe wa mahari hata mmoja. Kwetu Wasukuma, mtoto ambaye ng'ombe wake hawakuja ni wa wajomba. Nimemlea, nimemuoza. Ni wa nani kama si wangu?"

Limi aliitwa ndani.

"Limi, baba aliyekuzaa ni nani?"

Nje gari liliwashwa. Limi aliona kama limekuja kumvusha mpaka.

"Mrundi," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuja kuchimba dhahabu. Duara alilokuwa akichimba lilimfukia kabla sijazaliwa hapa Nkome."

"Sasa ulificha nini? Kama umezaliwa nchini, na mama yako ni raia, huyo mama peke yake alikutosha." Kalisti aliegemea kiti. "Lakini aliyebadilisha baba atashindwa kubadilisha mama? Niletee mtu asiye wa ukoo wenu, aliyemjua mama yako."

Waliomjua wengi walikuwa makaburini. Alibaki mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe mdomo unao!" Mama Generosa aliendelea kugeuza dagaa. "Kitovu chako nilikikata mimi. Nitakwenda. Ila ujue, waliponiuliza habari za baba yako nilisema. Nilidhani umeshawaambia mwenyewe."

Kalisti alipomwona Mama Generosa, uso ulimkunjuka. "Huyu nitamwamini. Hakunificha hata pale ambapo ukweli ulikuuma."

Ombi la Limi likapita. Alimshukuru Mama Generosa kwa magoti yote mawili. Kesho yake, kabla jua halijachomoza, Limi alihamishia chanja lake upande wa pili wa mwalo, mbali na mdomo uliomtaja baba yake.