Kipimo cha Jana

Kwa miaka kumi na tisa mama yangu alisoma kipimo cha mto. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alishuka ukingoni, akatazama nguzo ya chuma yenye namba, akaandika maji yamefika wapi, kisha akampigia simu mwenzake wa nchi ya pili. Mto wetu unaanzia milimani, unapita chini ya nyumba yetu, na kufikia jioni maji yale yale huwa yameshavuka mpaka. Sisi tulichota na kufua. Kule walimwagilia bustani za mboga.

Yeye na huyo mwenzake hawakuwahi kuonana. Mama alimwita Jirani.

"Leo umetufulia nini, dada? Maji yananuka sabuni!"

"Mashati ya baba watoto. Wewe kunywa tu, utanenepa."

Nilikuwa nyumbani likizo ya chuo siku mama alipoamka na homa.

"Kanisomee, mwanangu. Usikadirie."

Kilikuwa kiangazi, na namba haikuwa imesogea kwa wiki tatu. Nilifika kwenye kona ya kwanza, nikakaa juu ya jiwe, nikarudi na namba ya jana. Mama akaiandika, akapiga simu.

Kumbe milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Jirani aliiamini namba yangu, akaacha pampu yake ukingoni. Jioni mto uliibeba, pamoja na nusu ya bustani.

"Mto umenigeuka, dada," alimwambia mama. Hakulaumu mtu.

Wakubwa wa idara ya maji walikuja, wakaona mstari wa tope juu ya nguzo, mbali kabisa na namba ya daftarini. Mama akawaambia homa ilimchanganya macho. Wakamwachisha kazi. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika sufuria iliyokwisha kukauka, naendelea kuifuta.

Imepita miaka ishirini na miwili. Nimesoma, nimeajiriwa, na bado nikisikia mvua ya mbali nakosa usingizi. Juzi, nikimkanda mama magoti, likanitoka.

"Mama, siku ile sikushuka mtoni."

"Najua. Nilikumbuka baadaye: kuanzia kona ya kwanza kushuka ni umande mtupu, na wewe ulirudi na viatu vikavu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Ulikuwa na mitihani." Akauvuta mguu wake taratibu. "Mimi yameshapita. Lakini yule mtu wa watu mpaka leo anadhani mto ndio uliomgeuka."

Akanisogezea simu. Namba alinitajia kwa kichwa, bila kusita. Niliibonyeza. Iliita mara nne.

"Dada!" Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilicheka. "Umenitupa kabisa! Haya, leo maji yamefika wapi?"

Mama alikuwa ananitazama.

"Si yeye, mjomba," nikasema. "Ni mwanawe. Nimepiga kuhusu ile pampu yako."