Shikamoo Zilivyotumaliza Matai

Ujinga wa kwanza ni wangu. Nilimwambia mjomba, mbele ya mama, kwamba Matai wakitushinda kriketi, likizo yote ya Juni nitakwenda kumkatia ulezi. Ulezi hukatwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo, umeinama, upepo unakuchapa masikio. Mjomba anaishi Matai. Alicheka akasema, “Haya, mpwa wangu.”

Nani angetuogopesha? Sisi wa Sumbawanga mjini tulikuwa na gongo la kupigia mpira, la dukani, na soksi nyeupe. Wale walicheza na ubao wa kitanda. Na mchezo wenyewe si hesabu: mmoja anarusha mpira aangushe vijiti vitatu, mwingine anavilinda kwa gongo. Kazi ni kutazama mpira tu. Hata mbuzi angefundishika.

Timu yetu haikufundishika. Mechi zilikuwa tatu, zote kwenye uwanja wa Matai. Katika ya kwanza, mzee mmoja alikatiza uwanjani na ng'ombe wake. Kapteni wetu, mjivuni anayenyoa ndevu ambazo hazijaota, akalaza gongo chini, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama tulivyolelewa.

“Shikamoo, baba.”

Mpira ulikuwa umesharushwa. Vijiti chali. Waliomfuata kushika gongo walimcheka hadi machozi, mpira hawakuuona, tukapigwa.

Ya pili tulishinda, na msituite mabingwa: kulikuwa na msiba, wazee wote walikuwa huko.

Ya tatu Matai walikuwa wameshaelewa. Wazee walikatiza mmoja mmoja, huyu na jembe, yule na redio, mwingine hana hata sababu. Na mabwege wangu wakawa wanachuchumaa kwa zamu, soksi nyeupe zikiburuzika vumbini.

“Mbona nyie hamuwaamkii?” nilimuuliza mrushaji wao.

“Sisi tumeshawaamkia asubuhi, mshikaji.”

Nikawatukana wenzangu wote. Nikawaambia macho kwenye mpira, hata akipita askofu. Kisha ikawa zamu yangu, wa mwisho, na tulibakiza mikimbio miwili tu, yaani pointi mbili, kushinda. Nikashika gongo kama mtu mwenye akili.

Akatokea mjomba. Koti la kanisani, siku ya Jumamosi. Anatembea polepole kuliko maharusi. Nilijua kabisa alichofuata. Nikakaza macho kwenye mpira, mjinga mimi, nikaona nimeshinda. Mjomba akakohoa.

Magoti hayakuniuliza. Nilijikuta nimechuchumaa, makofi yanalia, gongo liko kwenye majani, na nyuma yangu vijiti vinaanguka.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Karibu shambani.”

Nyumbani nilimsimulia mama yote, nikitaka anionee huruma, amwombe kaka yake anisamehe. Aliendelea kusonga ugali.

“Ungemwacha kaka yangu apite bila salamu,” alisema, “ungekata ulezi wake na wa majirani zake wote. Nawa mikono ule, halafu ukapange nguo.”