Gloria ya Chepkemoi

Mimi Jecinta nauza viazi sokoni Roret, na nimeimba kwaya na Chepkemoi miaka kumi na minane. Huyu ni mama wa kushinda shambani akichuma majani chai, mgongo ushaanza kupinda, lakini akiimba Jumapili hata watoto wasumbufu hunyamaza.

Mwaka jana okestra kutoka Nairobi ilifanya tamasha katika kanisa moja Kericho mjini. Kwanza misa ya Kilatini, wao na sisi. Halafu simfoni, wao peke yao. Kiongozi wao, Joab, alimsikia Chepkemoi akampa sehemu ya kuimba peke yake. Wacha tufurahi! Chepkemoi akamleta mama yake kutoka Kipkelion, ajuza ambaye macho yamemwisha, amsikie mbele ya watu angalau mara moja kabla hajafa.

Neno moja la misa, Gloria, likamponza. Kwa Wakipsigis g na k hazina mpaka, basi Chepkemoi akaimba "Kloria". Joab alimrudisha mwanzo mara saba mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa naimba "Groria", shauri ya Kikuyu changu, lakini katikati ya watu arobaini nani atajua? Wiki mbili maskini alilirudia neno hilo kwenye chai mpaka wachumaji wenzake wakamcheka.

Saa moja kabla ya kuanza, Joab akampa sehemu ile Winny, mwimbaji wa okestra yao. Jina la Chepkemoi lilikuwa limeshachapishwa kwenye ratiba, na wafadhili walitaka kuona mwenyeji, kwa hivyo Winny angeimba akiwa nyuma yake.

"Wewe fungua mdomo tu, mama," Joab alimwambia. "Sauti usitoe."

Nilikasirika, na bado niliimba. Hilo sijajisamehe. Winny aliimba vizuri, siwezi kudanganya. Kisha tukakalishwa dakika arobaini za simfoni, fidla na tarumbeta zikilia kama za matanga, Chepkemoi akitazama viatu vyake.

Tulipotoka, mama yake alimpapasa uso kwa mikono miwili. Alisema kwa Kikipsigis, nami nakielewa:

"Mwanangu, tangu nikuzae sijawahi kukusikia ukiimba vizuri hivi."

Nikataka kusema ukweli. Chepkemoi akanifinya mkono, akanifinya sana.

"Asante, Mama," akamjibu. "Nilifanya mazoezi."